Nilijifungia nje, kisha nikamfungia na matroni

Kazi ya mtandao pale shuleni nilipewa kwa kosa moja tu: nilionekana nikichomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya mhasibu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na kompyuta katika shule ya bweni nje kidogo ya mji wa Moshi, upande unaopanda kuelekea Kibosho. Januari 2024, wiki ya kwanza ya muhula, Mkuu wa shule aliniita ofisini.

"Mwalimu, intaneti tunalipia kila mwezi na hatuioni. Watoto wanaangalia mambo ya ajabu, walimu wanabeti, mimi nikituma barua pepe moja kile kiduara kinazunguka mpaka chai inapoa. Naomba uifunge."

"Nifunge nini, Mkuu?"

"Hayo mambo."

Basi. Hayo ndiyo maelezo ya kazi niliyopewa, na kwa jinsi nilivyokuwa na kiherehere sikuuliza la pili. Naandika haya kwa ajili ya mwalimu mwingine, au kijana wa mapokezi kwenye loji, au karani wa zahanati, ambaye kesho ataitwa ofisini na kukabidhiwa "hayo mambo" kwa sababu tu anajua kuwasha projekta.

Hali niliyoikuta ni hii: faiba ya megabiti 20 kwa sekunde, kiruta cha plastiki tulichopewa na mtoa huduma, na nywila moja ya waifai iliyokuwa inajulikana hadi kwa mama anayeuza maandazi getini. Maabara ina kompyuta 24. Ofisini zipo tano. Kamera za ulinzi sita. Simu za walimu na wafanyakazi sikuzihesabu, na hilo lilikuwa kosa la mwanzo, ingawa sikulijua.

Nilishauri tununue ruta ya MikroTik, ile ndogo ya hEX yenye matundu matano, kwa sababu ndiyo niliyowahi kuiona ikifanya kazi na ndiyo mafundi wengi wa huku wanaijua. Niliifuata Arusha kwa rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafunga mitandao ya mahoteli. Ruta ilitutoka laki mbili na elfu arobaini. UPS, betri ya kuishikilia ruta umeme ukikatika, sikuiweka kwenye bajeti, maana niliona aibu kumtajia Mkuu hela nyingi siku moja. Wiki mbili baadaye, umeme ulipokatika mara tatu kwa siku moja, nilirudi tena Arusha kuifuata, laki moja na themanini, na nauli ya safari hiyo nilijilipia. Ukipewa kazi hii taja gharama zote siku ya kwanza, hata kama sauti inatetemeka.

Sasa, faiawoli ni nini? Getini kwetu kuna mlinzi mwenye karatasi ya maagizo. Anaisoma kutoka juu kwenda chini, na agizo la kwanza linalomhusu mgeni aliyesimama mbele yake ndilo analotekeleza, yaliyo chini yake hayasomi. Kama mstari wa tatu unasema "usimruhusu mtu yeyote" na wa nne unasema "mwenye kitambulisho apite", mwenye kitambulisho atalala nje. Ruta nayo inafanya vivyo hivyo kwa kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data. Halafu kuna karatasi mbili tofauti: moja ya wanaotaka kuingia kwenye kibanda cha mlinzi, yaani kuongea na ruta yenyewe, na nyingine ya wanaopita tu kwenda ndani au nje ya shule. Nilikuwa nimeyasoma yote haya. Nilikuwa nimetazama na video.

Usiku wa Jumatano nikakaa kwenye sakafu ya stoo ya ofisi ya mhasibu, kompyuta mpakato magotini, nikaanza kuandika sheria. Nilitaka kuanza kama watu makini: zuia kila kitu, halafu ruhusu kimoja kimoja. Nikaandika sheria ya kuzuia, nikaiweka kwenye karatasi ya kibanda badala ya ile ya wapitao, nikaisogeza juu kabisa ili iwe na nguvu, nikabofya. Dirisha la Winbox, programu ya kuingilia kwenye ruta, likatulia kidogo kama mtu anayefikiri. Kisha likafunga. Nikaandika tena anwani ya ruta, 192.168.88.1. Kimya. Nikazima na kuwasha. Kimya. Mlinzi alikuwa ametii agizo, na mtu wa kwanza kumfungia nje alikuwa mimi niliyemwajiri.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi usiku. Nilichofanya, kwa hofu, ni kuchukua ncha ya kalamu na kubonyeza kile kitufe kidogo cha kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Ikarudi. Ila ilirudi bila jina la mteja na nywila ya kuunganisha faiba, ambazo rafiki yangu alikuwa ameniwekea kule Arusha kutoka kwenye kikaratasi nilichompelekea, na kikaratasi chenyewe sikukiona tena. Asubuhi saa mbili nikampigia mtoa huduma. Wakataka kuongea na mtu aliyesajiliwa kama mwenye akaunti. Mwenye akaunti alikuwa mhasibu wa zamani, aliyekwisha hamia Dodoma, na simu yake ilikuwa haipatikani hadi saa tano. Intaneti ilirudi saa saba na nusu mchana. Muda wote huo mhasibu wetu wa sasa alikuwa anasubiri kutoa kontroli namba ya malipo, ananitazama bila kusema kitu. Afadhali angesema.

Nilipomsimulia rafiki yangu alicheka hadi akakohoa. "Mzee, si ungeingia kwa anwani ya MAC tu?" Ndiyo. Winbox inakuonyesha ruta kwa namna mbili, kwa anwani ya IP, namba yake ya mtandaoni, na kwa anwani ya MAC, namba ya kifaa chenyewe kutoka kiwandani, na ukibofya ile ya MAC huwa haupiti kwenye sheria za faiawoli ya IP kabisa. Ningeingia, ningefuta mstari mmoja, ningekwenda kulala. Na juu ya hapo kuna kitufe kimeandikwa Safe Mode, kipo pale juu kushoto muda wote. Ukikiwasha kabla ya kuanza kazi, halafu ukajikata mwenyewe, ruta inafuta yote uliyoyafanya tangu ulipokiwasha. Tangu usiku ule sijawahi kugusa sheria hata moja bila kukibonyeza kwanza, na sasa nakala ya mipangilio ipo kwenye flashi mbili, moja ipo nyumbani. Angalizo dogo: kwenye matoleo mapya ya mfumo wao, ukitoa mipangilio kama maandishi, nywila zinafichwa usipoomba zionyeshwe. Mimi nakala yangu ya kwanza ilikuwa safi sana, haina nywila hata moja.

Baada ya aibu hiyo nilitaka ushindi wa haraka. Mkuu alitaja kubeti, nikaanza na kubeti.

Ruta hii inaweza kusoma jina la tovuti pale simu inapoanza kuongea na tovuti iliyofungwa kwa HTTPS. Ndani ya mazungumzo haioni kitu, kurasa zimefungwa, lakini jina la nje bado linaonekana, kama bahasha. Kwa hiyo unaweza kuandika: jina lolote lenye herufi fulani, zuia. Kampuni nyingi za michezo ya kubahatisha zina "bet" kwenye majina yao. Nikaandika sheria: chochote chenye *bet*, zuia. Mstari mmoja tu! Nilijiona fundi. Jioni ile nilimwona mwalimu wa zamu anatikisa simu yake kama redio ya mbao, nikajua imeshika.

Siku ya tatu matroni alikuja maabara. Ni mama wa makamo, ndiye anayesimamia mabweni ya wasichana na chumba cha wagonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii intaneti yenu imekataa kisukari."

Sikumwelewa. Akanipa simu. Alikuwa na binti wa kidato cha pili mwenye kisukari, anayechoma insulini, na alitaka kusoma kuhusu vyakula vya jioni, kwa sababu bwenini chakula cha usiku ni ugali na maharage karibu kila siku. Kila ukurasa aliobofya uligoma. Nikatazama majina ya tovuti. Nikajaribu mwenyewe. Kisha nikachukua chaki, nikaandika ubaoni: dia-bet-es.

Matroni alitazama ubao, akanitazama mimi. "Kwa hiyo na mimi nabeti?"

Tulicheka, lakini usiku nilipokuwa peke yangu sikucheka. Angekuwa mtu mwingine asiyejua mlango wa maabara angeacha tu kutafuta. Ni siku tatu, na sijui ni wangapi wengine walikwama kimyakimya. Niliifuta sheria ile, nikaandika majina kamili ya tovuti kumi na nne, moja moja, kwa mkono. Inachosha. Wakifungua tovuti mpya unaongeza. Lakini kipande cha neno usikitumie hata siku moja, kwa sababu hujui kimejificha ndani ya maneno mangapi. Na kwa taarifa tu, waliokuwa wanabeti hawakuacha. Walinunua bando.

Kwa upande wa picha chafu nilifanya kitu cha busara zaidi, yaani kazi hiyo niliwaachia wanaoifanya kila siku. Kila kifaa kabla ya kufungua tovuti huuliza kwanza "jina hili lina anwani gani?", na anayejibu ni seva ya DNS. Cloudflare wana seva ya bure kwa ajili ya familia, 1.1.1.3 na 1.0.0.3, ambayo ikiulizwa jina la tovuti ya ngono au yenye virusi haitoi anwani ya kweli. OpenDNS nao wanayo ya kwao, 208.67.222.123 na 208.67.220.123. Nikaiambia ruta iwaulize hao. Kisha nikaelekeza jina la www.google.com kwenda forcesafesearch.google.com, jina ambalo Google wenyewe wameliweka ili matokeo ya utafutaji yachujwe. Usisahau google.co.tz. Mimi niliisahau, na wanafunzi hawakuisahau.

Hapa ndipo utajifunza kwamba sheria moja huzaa nyingine. Mwenye simu anaweza kujiwekea DNS yake mwenyewe, kwa hiyo unaandika sheria ya kuyageuza maulizo yote ya poti namba 53, mlango wa DNS, kwa njia zote mbili za kusafirisha data, UDP na TCP, yaje kwenye ruta yako. Kumbe simu za Android kuanzia toleo la 9 zina DNS ya faragha inayopita poti 853. Nikaifunga. Wengi hawakuona tofauti, simu zao zilirudi zenyewe kwenye njia ya kawaida, lakini mwalimu mmoja aliyekuwa ameandika jina la seva maalumu kwenye simu yake akakosa intaneti kabisa, na ilinichukua siku mbili kugundua kwa nini ni yeye tu. Vilevile YouTube, niliyotaka kuizuia maabara wakati wa vipindi, iliendelea kucheza kana kwamba sijafanya kitu. Sababu: Chrome huongea na Google kwa njia ya QUIC, ambayo ni UDP kwenye poti 443, na sheria yangu ya kusoma jina ilikuwa inatazama TCP peke yake. Nikazuia UDP 443, kivinjari kikarudi kwenye TCP, sheria ikashika. Kuna DNS inayojificha ndani ya HTTPS pia, na VPN, programu inayopitisha kila kitu kwenye njia iliyofichwa. Hizo huwezi kuzimaliza kwa ruta ya laki mbili, na mtu akikuambia anaweza, muulize anauza nini.

Pamoja na hayo yote, intaneti ilikuwa bado ni ya kobe. Mwezi mzima nimefunga "hayo mambo" na kiduara cha Mkuu bado kinazunguka.

Ndipo nikafanya nililopaswa kulifanya Januari. Nikakaa, nikatazama. MikroTik ina chombo kinaitwa Torch, kinakuonyesha saa hiyo hiyo nani anatumia kiasi gani kwenda wapi. Nilikaa nacho jioni mbili na asubuhi moja, na daftari. Asubuhi saa mbili na nusu, kipindi cha kwanza cha maabara, kompyuta 24 ziliwashwa, na mstari ukapanda hadi dari. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa amegusa kibodi. Ni Windows, kompyuta 24 zikipakua masasisho yale yale, kila moja kivyake. Usiku saa tatu mstari ukapanda tena, safari hii kwenda juu, upande wa kupakia: ni simu za walimu zikituma picha za siku nzima kwenye hifadhi ya Google. Harusi ya wikiendi, shamba la parachichi, mtoto kajifunza kutembea. Mambo ya ajabu aliyoyasema Mkuu yalikuwa tone kwenye ndoo.

Kompyuta za maabara niliziwekea zigawane masasisho zenyewe kwa zenyewe, Windows ina mpangilio wa hilo, na makubwa yakapangiwa usiku. Kwa walimu niliweka foleni: ofisi ina megabiti sita zake zisizoguswa, maabara nane, walimu zinazobaki. Nikapima. Hakuna kilichobadilika. Nikapima tena. Kwa wiki mbili nilibadilisha namba, nikabadilisha majina, nikaandika foleni upya, nikahisi nimerogwa. Jibu lilikuwa mstari mmoja uliokuja na ruta kutoka kiwandani, FastTrack, unaoziwahisha pakiti zipite haraka kwa kuziruka hatua nyingi, na moja ya hatua zinazorukwa ni foleni. Nikauzima. Kesho yake Mkuu alinipigia simu, akasema barua pepe imekwenda. Hakusema asante, ila alisema imekwenda.

Nilifurahi, na furaha ikanitoa kwenye adabu. Siku moja kwenye chai ya saa nne, chumba cha walimu kimejaa, nikasema kwa utani kwamba kuna mkeka wa mtu, tiketi ya kubeti, umechanika jana saa sita usiku na mimi niliuona ukichanika. Watu wakacheka. Halafu wote wakamgeukia mwalimu wa jiografia. Sikuwa nimemtaja. Sikuhitaji kumtaja. Aliweka kikombe chini, akatoka, na kwa miezi miwili akawa anakunywa chai darasani.

Hilo ndilo kosa linaloniuma kuliko usiku wa stoo. Sheria za ruta unazifuta na kuziandika upya, lakini mwenzako akishajua kwamba unamwona, amejua. Na mbaya zaidi, Mkuu alisikia utani ule na akapata wazo: aliniomba orodha ya kila mwalimu na tovuti anazotembelea. Ndipo nikasoma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ambayo ningepaswa kuisoma kabla ya kuwasha kumbukumbu yoyote. Nilimrudia Mkuu nikamwambia, kwa heshima na magoti yakigongana, kwamba naweza kumpa matumizi kwa makundi, yaani ofisi, maabara, walimu, lakini majina hapana, na kwamba watu wanatakiwa kuambiwa nini kinachukuliwa na kwa sababu gani. Alikasirika siku moja. Kisha tuliandika ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: nini kimezuiwa, nini kinarekodiwa, kinakaa siku ngapi, nani anaona. Siku saba. Upo ukutani chumba cha walimu. Kama ungekuwepo Januari, ningekuwa na nusu ya matatizo yangu. Mwalimu wa jiografia nilimwomba radhi chini ya mwembe, peke yetu. Alisema "sawa," akaendelea kusahihisha madaftari.

Sasa Jumapili ya Mei 12. Nilikuwa nyumbani Pasua, nimetoka kanisani, nasubiri mtori. Simu ya kwanza ilikuwa ya Mkuu, ya pili ya mhasibu, ya tatu ya Mkuu tena: intaneti imekufa, umefanya nini? Na kwa kuwa Ijumaa nilikuwa nimeongeza sheria mbili, nikaamini. Nikapanda bodaboda. Nikazima sheria zile mbili. Hakuna. Nikazima nyingine, moja baada ya nyingine, mwisho nikazima zote, jasho linanitoka. Simu yangu nayo haikuwa na intaneti, nikadhani bando limeisha. Jioni ndipo mlinzi mwenye redio akaniambia kwamba kebo za chini ya bahari zimekatika na nchi nzima inalalamika. Zilikuwa EASSy na Seacom, na si Tanzania peke yake iliyoguswa. Kosa lilikuwa mbali baharini, na mimi nilikuwa nalitafuta kwenye stoo ya mhasibu.

Kabla hujagusa sheria yoyote, jaribu kwa kitu kisichopita kwenye ruta yako: simu yenye laini nyingine, ya mtandao mwingine. Kisha toka kwenye ruta piga pingi 8.8.8.8, yaani iulize seva hiyo ya Google kama inakusikia. Ikijibu, lakini jina la tovuti halijibu, tatizo ni DNS. Isipojibu, fuatilia njia uone inakwama hatua ya ngapi. Ikikwama baada ya kutoka kwenu, nenda ukale mtori wako.

Sehemu ambayo sikuwahi kumwambia Mkuu ni hii: baada ya kuzizima zote, nilisahau kuziwasha. Siku tisa. Niligundua pale kijana wa kidato cha tatu aliponiambia, kwa moyo safi kabisa, "Sir, siku hizi mtandao wa maabara ni mtamu." Tangu hapo kila sheria ina maelezo mafupi pembeni, tarehe na sababu, na nikizima kitu naandika kwenye kiganja.

Niguse la saa kwa kifupi, maana liliwahi kunitesa. Niliweka sheria ya kufunga intaneti ya maabara kuanzia saa nne usiku. Ruta hii haina betri ya kutunza saa, kwa hiyo umeme ukikatika inasahau ni lini. Siku moja, kabla UPS haijafika, niliikuta inaamini ni mwaka 1970, na mchana kweupe imefunga maabara kwa kudhani ni usiku. Iwekee seva ya NTP mapema iwe inauliza saa yenyewe.

Mwezi Juni, kwa maabara, niligeuza mpango: badala ya kutaja vilivyokatazwa nikataja vilivyoruhusiwa. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, Wikipedia, Khan Academy, na chache nyingine. Kwa wanafunzi wakati wa kipindi inafaa sana. Kwa walimu isingefaa, wangenila nyama. Siku ya kwanza darasa la baiolojia likafungua ukurasa wa moyo wa binadamu, na maandishi yapo yote, lakini penye michoro pana vibanda vyeupe. Yule yule kijana wa "mtandao mtamu" ndiye aliyebonyeza F12, akateremsha orodha ya majina ambayo ukurasa unayaita nyuma ya pazia, akanyoosha kidole. Picha za Wikipedia hazikai kwenye Wikipedia. Zinatoka upload.wikimedia.org, na mimi jina hilo sikuliruhusu. Ukurasa mmoja unaweza kuita majina kumi, na ukitumia orodha ya ruhusa lazima uyafuate yote. Baadaye tuliweka Kiwix, programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti, kwenye kompyuta moja ya zamani, tukapakua Wikipedia ya Kiswahili na sehemu ya ile ya Kiingereza usiku, na sasa hata kebo zikikatika tena darasa litasoma.

Kijana huyo alinionyesha na kitu kingine, akiwa ameshika mikono nyuma kama mtu anayekiri dhambi. Ukichukua anwani ya tovuti iliyozuiwa, ukaibandika kwenye Google Translate, ukaomba itafsiriwe, inafunguka. Ruta inaona jina linaloishia na translate.goog, haioni unakokwenda. Nilimuuliza amejua lini. "Machi, Sir." Na mimi Machi nilikuwa natembea kifua mbele.

Sikumwadhibu. Niliweka daftari la kurasa mia mbili kwenye meza ya maabara, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, mtu yeyote aandike kilichogoma ambacho hakikupaswa kugoma, au kilichopita ambacho hakikupaswa kupita. Mwanzoni liliandikwa matusi mawili na mchoro wa mimi mwenye kichwa kikubwa. Sasa linaandikwa sawasawa. Matroni ameandika mara moja, kwamba tovuti ya vyakula inafunguka na binti yake sasa anapikiwa mboga za majani jioni.

Juzi nilikuta mstari mpya, mwandiko ninaoujua: "Sir, umeifunga translate ya maabara lakini ya ofisi bado inapita. Nimejaribu leo kwenye kompyuta ya mhasibu akiwa amekwenda kula." Nikachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi, nikaandika chini yake: "Asante. Kwanza tuongee kuhusu kompyuta ya mhasibu."